Kona ya Nne ya Meza ya Mama

Krrr. Kimya kidogo, halafu krrr tena.

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu sauti hiyo ikome nyuma ya mlango wa karakana. Tuliokuwa ndani ya nyumba tuliisikia kabla hatujakuona: ncha ya bikari ikikwaruza ubao. Mama akiisikia alisema, "Fundi Pembe keshaamka," akabandika chai. Siku hizi anabandika chai bila kuambiwa na chochote.

Walikuita Fundi Pembe kwa kukutania, maana hukuiacha meza itoke karakana kabla hujazikagua pembe zake zote. Wewe ukalibeba jina hilo kama cheo. Mafundi wenzako walipima pembe kwa skwea za chuma. Yako ilining'inia msumarini, imejaa vumbi. "Skwea ikidondoka mara moja inajifunza uongo," ulisema. "Bikari na rula hazina la kuficha." Ulipima taratibu hata mteja akasinzia kwenye benchi, na alipozinduka ulimpa pole, ukaendelea kupima.

Kiti cha jirani kikiyumba, kilikunyima raha wewe kuliko mwenye kukikalia. Ulitoka kwenda kumwamkia mtu tu, ukarudi na kiti chake kichwani. Mama alikuuliza, "Na huyo aliyebaki kasimama?" Ukajibu, "Bora asimame wima kuliko akae mshazari."

Mimi mwanao, ninayeandika haya kwa niaba ya nyumba yote, ndiye niliyekuwa mbishi wako mkubwa. Unakumbuka fremu yangu ya kwanza? Vipande vinne vya ubao, urefu mmoja, havikuzidiana hata kwa unywele, msumari mmoja kila kona. Nikakuletea kifua mbele. "Mraba huo, Baba." Ukauweka sakafuni, ukausukuma kona moja kwa kidole. Ukalala upande. Ulicheka mpaka ukashika mlango.

"Mwanangu, huu ni mraba mlevi. Pande sawa peke yake hazitoshi. Pima kona kwa kona, toka hii mpaka ya mkabala."

Nilinuna wiki nzima. Shangazi akaanza ile methali ya asiyesikia la mkuu, nikamwambia aniachie guu langu.

Miaka ikapita, nikaanza kutunga mashairi. Hakuna aliyenifundisha, mizani niliihesabu kwa vidole vyangu mwenyewe, na nilijivunia hilo. Nikaja karakana nikakusomea ubeti niliouona bora kuliko zote: mishororo minne, kila mmoja mizani kumi na sita, haukupungua wala haukuzidi. Ulisikiliza mpaka mwisho, penseli sikioni. Kisha ukauliza, "Kona kwa kona umepima?"

Nikawaka. "Wewe kaa na mbao zako, Baba. Ushairi huujui."

Nilibamiza mlango nikaondoka, na siku tatu sikukanyaga karakana. Siku ya nne ulikaa kwenye kigoda chako upumzike kidogo, hukuinuka tena. Neno langu la mwisho kwako ni hilo, na mlango huo.

Sasa nimeelewa ulichouliza. Mshororo wangu wa kwanza ulisema nakupenda. Wa nne ulikuwa unanisifu mimi. Kona hizo mbili hazikuonana kabisa.

Benchini uliacha ubao wa meza ya Mama. Alikuwa amechoka na ile meza ndefu ya zamani. "Nikitaka chumvi mpaka nikupungie mkono kama msafiri," alikulalamikia. Ukamwahidi meza ya mraba, kwa sababu kwenye mraba hakuna anayekaa mkiani. Ulikuwa umechora mstari wa chini, ukausimamishia mwingine wima, ukakata juu yake urefu ule ule. Kona tatu zilikuwa tayari. Kona ya nne haipimwi, hukutwa: unachomeka bikari kwenye kona moja, unavuta tao, unaihamishia kona ya mkabala bila kubadili upana wake, unavuta tao la pili, yanapokatana, ndipo penyewe. Tao la kwanza ulilivuta. La pili hukulifikia.

Bikari ilibaki juu ya ubao, miguu wazi kama ulivyoiacha. Mwaka mzima Mama alipangusa vumbi kuizunguka. Hakuna aliyekatazwa kuigusa, na hakuna aliyeigusa.

Wiki tatu zilizopita niliingia kufagia. Nikaiokota, nikaifunga. Sikufikiri. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba kifaa kikimaliza kazi kifungwe, na mkono wangu ulitii mwaka mmoja baadaye, siku ambayo haikufaa. Mama alikuwa mlangoni.

"Umeufunga mkono wa baba yako," alisema. Hakupaza sauti. Laiti angenipigia kelele.

Siku mbili hakunisemesha. Nilikaa karakana peke yangu, nikiifungua na kuifunga bikari ile, nikijaribu kukumbuka ilikuwa wazi kiasi gani. Nilijiona nimekupoteza mara ya pili, na safari hii kwa mikono yangu.

Aliyeniokoa ni dada, na hakunionea huruma hata kidogo. Alikuja na tepu yake ya cherehani shingoni, akanitazama, akatazama ubao.

"Kaka, na ushairi wako wote huo, hujui hata kusoma mstari?"

"Usinianze, dada."

"Sisi mafundi cherehani, vipimo vya mteja vikipotea, tunalipima gauni lake la zamani. Vipimo haviishi kwenye daftari, vinaishi kwenye gauni. Mstari wa baba si huo hapo?"

Nilichomeka ncha kwenye mwanzo wa mstari wako wa chini. Haikuniuliza kitu, iliingia yenyewe kwenye tundu dogo uliloliacha. Nikaifungua mpaka mwisho wa mstari: ni upana wako ule ule. Nikaihamishia kwenye kona ya mkabala na ile ulikovutia tao lako, nikavuta la pili. Krrr. Likalikata lako.

Niligeuka nikuambie. Kilikuwepo kigoda tu. Dada alikuwa ameshatoka, na sauti ile ilipokwisha karakana ilikuwa kubwa kuliko nilivyowahi kuiona.

Wanaokukumbuka ni mkeo, ambaye bado anakutolea kikombe kisha anakirudisha kabatini, binti yako fundi cherehani, shangazi yetu, yaani dada yako, anayelalamika kwamba umemwacha bila mtu wa kubishana naye, wajukuu zako wawili, mafundi wenzako, majirani ambao viti vyao havijayumba mpaka leo, na mimi. Daima tutakukumbuka, Baba, kila tukaapo, na kila tutakapoipita kona iliyonyooka.

Jana Mama alikuja benchini. Aliuweka mkono pale matao mawili yanapokatana, akauacha hapo muda mrefu.

"Ubao utaukata lini?" akauliza.

Nikamjibu kwa sauti kubwa, nikikitazama kigoda: "Kesho asubuhi, Mama. Nitapima kona kwa kona kwanza, ndipo nishike msumeno. Na bikari nitairudisha mahali pake ikiwa wazi. Meza mlevi haiingii nyumba hii."