Ndoo Yangu Imwagwe ku Kona

Kindu, siku ya soko

Ramazani mutoto wangu, kule Kasongo,

Asalam alekum. Uko je? Bibi yako Zaina iko je, na tumbo lake la mimba linaendelea muzuri? Mujukuu wangu Sakina ameacha kukohoa? Koko yako, mama yangu, magoti yanamuruhusu kutoka inje asubuhi? Na baba yako mudogo Shabani, umupe salamu nyingi, hata kama ananicheka. Hapa kwa mudogo wako Amina tuko wazima. Mutoto aliyezaa ananyonya, analala, anakuwa munene. Ni mimi tu silale.

Kinachonikatalia usingizi ni dale yako, ile sakafu ya juu.

Juzi ku telefone nilikuambia usipitishe beto nyepesi, ile zege ya sima kidogo, juu ya vichwa vya nguzo. Ukajibu, "Mama, dale inalala tu. Ni nguzo ndiyo inabeba." Nikasikia Shabani nyuma yako, "Mama Rama amekwisha kuwa enjenyeri ya Kindu, tumutafutie kofia." Mukacheka, rezo ya telefone ikakatika. Basi naandika. Karatasi haikatike.

Sikiliza kitu nilichoona na macho. Karibu na pale nauzishaga bugali na sombe, iko nyumba moja ya etaje, yenye vyumba juu ya vyumba. Nguzo zake walizimwaga na sima mingi, ile saruji, sawa zako. Dale wakaimwaga na muchanga mingi na maji mingi, ikapita mpaka juu ya vichwa vya nguzo. Halafu wakapandisha nguzo zingine ngumu juu yake. Walipomaliza kuta za juu, watu wakiisha kuingia, nguzo ya kona ikaanza kupasuka. Si chini, si juu. Ni pale katikati, mu unene wa dale. Nilipita nikaona muchanga unaanguka sawa unga. Watu wakatoka na magodoro yao, mafundi wakasimamisha miti chini ya dale. Hakuna aliyekufa. Lakini mpaka leo wanalala kwa majirani.

Nikamuuliza Papa Idi, fundi mukubwa anayekulaga kwangu. Akakata bonge la bugali mu sahani yake, akaliweka katikati ya mawe mbili, akakandamiza.

"Mama, mawe imevunjika?"

"Hapana."

"Na bugali?"

Bugali ilikuwa imetoka pembeni yote. Akaniambia nguzo ya katikati ya nyumba inavumilia kidogo, sababu dale inaishika pande zote, sawa mutu aliyesimama katikati ya ndugu zake. Ile ya kona haina mutu wa kuishika. Nikamuambia, "Sawa, Papa, nimeelewa, lakini hiyo bugali utaikula vile vile." Akaikula.

Na kona yako, Rama, ndiyo chumba cha Sakina.

Najua vile inaendaga kwetu siku ya dale. Majirani wote wanakuja, bamama wanabeba maji na muchanga, wali uko ku moto. Kila mukubwa wa jamaa anamwaga ndoo yake ya baraka, na wote wanataka kuimwaga juu ya kichwa cha nguzo, ili nyumba isimame. Ndoo inajazwa wapi? Mu kilima cha beto kilicho karibu, ile nyepesi ya dale. Hata mimi nilimwaga vile kwa Shabani, Mungu ailinde tu nyumba yake, haina etaje juu ya dale.

Sisemi wakubwa wasimwage. Fanya hivi. Asubuhi, mbele ya ngoma kuanza, changanya kwanza beto ngumu, ile ile ya nguzo, mu kilima chake peke yake. Ndoo zote za baraka zijazwe pale. Ijae ku kichwa cha kila nguzo, itoke inje ya nguzo pande zote, urefu wa mukono. Halafu ingali mbichi, ile ingine ya dale ije ishikane nayo. Usiache ikauke. Kama sima haitoshe, acha ile baraza ya mbele unayotaka jirani waone. Tutakaa ku mukeka. Kama bado haitoshe, ngojea, hata wali ukiwa umeiva. Watu watakula na kurudi kwao, hakuna aibu.

Shabani akikataa, Zaina amuwekee bugali na mawe mbili mbele yake.

Ndoo yangu mimi, sitafika. Zaina asiibebe, sababu ya tumbo. Ubebe wewe, Sakina ashike mushikio, mumwage ku kona, na mutaje jina langu.

Salamu kwa fundi wako, umusomee barua hii pole pole, asione nimemutukana. Dada yangu anayekaa Wamaza, mutu akienda kule, amuambie nitarudi Amina akipata nguvu.

Mutu wa moto, ile pikipiki, aliyekuletea karatasi hii atalala Kasongo, asubuhi anarudi huku. Umupe jibu mbele ya kupanda moto yake. Usiniandikie "tumesikia, mama." Andika kama beto ya vichwa itachanganywa peke yake, ndiyo ama hapana. Nitamungojea ku barabara, pale pale nauzishia.

Ni mimi mama yako,
Mama Rama