Ufunguo wa Darasa la Nyuma

Ruashi, Lubumbashi
Jumapili, kabla ya adhuhuri

Kaka yangu Ramazani,

Kabla hatujasalimiana, okota hicho kilichoanguka ulipofungua bahasha. Ni ufunguo. Usiutupe, wala usimpe mtoto achezee. Utie kwenye kopo lako la misumari, kisha vuta kiti unisome polepole.

Sasa tusalimiane. Hamjambo hapo Kasongo? Mgongo wa Mama unaendeleaje tangu mvua zianze? Na karakana yako, bado watu wanaagiza vitanda na kukulipa kwa ahadi? Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi, ila usingizi umenihama. Ningekupigia simu, lakini mtandao wa huko hukatika kwenye "halo" ya kwanza, na nikituma sauti najua ua mzima utaisikiliza kabla yako. Haya si mambo ya ua mzima. Barua anakuletea mzee Assani, jirani yangu muuza vitenge, anayesafiri leo mchana kuja huko.

Ni habari za darasa langu, kaka, na si nzuri. Shule yetu iko pembeni mwa Ruashi, huku ambako kila wiki nyumba mpya inaota na mgodi uko nyuma ya migongo yetu. Masomo yalipoanza, mkuu wa shule, ambaye huku tunamwita Bwana Prefe, aligawa watoto wa mwaka wa saba mara mbili. Wanaoweza akawapa vyumba vya mbele vinavyotazama barabara. Walioanguka mitihani, waliorudia na kurudia, wanaosoma kwa kubahatisha, wote akanisukumia mimi kwenye chumba cha nyuma, kilichogusana na ukuta wa jirani. "Madame Zaina," akaniambia, "aba njo bako. Fanya ile utaweza." Yaani hawa ndio wangu, kwa sauti ile ile ungemwambia mtu achukue makombo ampelekee mbuzi.

Watoto hawa si wajinga hata kidogo. Yule aliyeshindwa robo tatu ubaoni nilimpa meka, lile kopo la kupimia unga sokoni, nikajifanya muuzaji, akanikamata papo hapo nikimpunja. Basi nikaacha ubao upumzike. Sehemu tulijifunza kwa meka, pembe tulijifunza kwa kukunja vitambaa, na majedwali ya kuzidisha tuliyaimba kwa tuni za harusi. Wenzangu wa mbele walinicheka, wakasema chumba changu ni ngoma. Nami niliwaacha wacheke, maana watoto walianza kuja shuleni kabla yangu.

Tukafika kwenye somo la sauti. Kitabu kinasema sauti husafiri ndani ya hewa na ndani ya vitu vigumu, na darasa zima likanitazama kama kuku aliyesikia Kifaransa. Nikakumbuka simu zetu za makopo: wewe nyuma ya jiko la Mama, mimi kisimani, unanitukana kwa uzi ili yeye asisikie. Tukatengeneza zetu, tukasemezana kutoka ukuta hadi ukuta, raha tupu. Kisha nikawaambia walale sakafuni, kila mmoja afunike kopo lake, mdomo chini, sikio juu ya kitako chake. Patrick, yule wa meka, agonge sakafu kwa jiwe kule mlangoni. Anayesikia ainue mkono, asiseme neno.

Mikono yote ikapanda. Patrick akaacha kugonga, mikono ikashuka, isipokuwa mmoja. Ulikuwa wa Feza, msichana anayekaa dirishani.

"Feza, Patrick ameacha," nikamwambia.

"Hapana, Madame. Bangine banagonga. Iko ku chini."

Nikalala pale pale na kitenge changu safi, nikaweka sikio. Tok, tok, kimya. Kisha kitu kizito kikaburutwa. Feza hakushtuka. Baba yake ni krezeri, ndivyo wanavyoitwa huku wachimbaji wa mikono, na sauti hizo amezisikia tangu utotoni. "Ni nyundo, Madame," akasema. "Na sasa banavuta gunia."

Jirani wa nyuma ana ukuta mrefu na turubai limefunika ua. Sote tulijua anachimba madini. Hakuna aliyejua anachimba kuelekea wapi. Nikaenda kwa Bwana Prefe siku ile ile. Akanisikiliza akichonga penseli, kisha akanyoosha kidole juu. "Ile mabati iko juu ya kichwa yako, Madame, ilitoka kwa nani?" Ilitoka kwa jirani. Nikaelewa kwamba mazungumzo yamekwisha. Sikio la kufa halisikii dawa.

Dawa ilitoka kwa watoto wenyewe. Unajua wakrezeri hawataki mwanamke karibu na shimo. Wanaamini akikaribia, madini yanajificha. Feza akainuka akasema, "Papa anasemaka, sauti ya mwanamuke ikiingia mu shimo, madini inakimbia. Tuimbe, Madame." Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Tangu siku ile kila asubuhi wavulana wangu walinyamazishwa, jambo lililowauma sana, na wasichana wakalala kifudifudi wakaimba jedwali la saba kwa nguvu zote, midomo kwenye sakafu. Nami niliimba nao. Walijifunza sauti, walijifunza kuzidisha, na juma halikuisha kabla nyundo haijanyamaza.

Nilijisifu, kaka. Nilinunua mandazi, tukala darasani kama watu waliorudi vitani.

Baadaye mwanamume mmoja akaja langoni saa ya mapumziko. Alikataa kuingia uani. Nguo zake zilikuwa za rangi moja na udongo wetu.

"Miye njo papa ya Feza," akasema. "Patron alituambia tuko chini ya parcelle yake. Ku chini hakuna barabara, Madame. Muntu hajue juu yake kuko nini."

Patron wao ndiye jirani yetu wa nyuma, na parcelle ni kiwanja chake. Nikamuuliza alijuaje basi kwamba juu yao kuna shule.

"Nilisikia bamuke banaimba. Benzangu bakaogopa, bakapanda kamba. Miye nikabakia kidogo, kwa sababu kuko sauti moja niliijua. Mutoto yangu anakosaka saba mara munane. Kila siku, hata ku nyumba. Nikangojea pale. Akakosa."

Akapangusa uso kwa mkono. Nilimshukuru, nikamwambia sasa watoto wako salama, ameacha na wenzake wameacha. Akanitazama kwa namna ambayo sitaisahau.

"Usifurahi, Madame. Siye njo tulikuwa tunachunga miti yenye inashikilia juu. Mumoja ukichoka, tunaweka mungine. Sasa hakuna muntu wa kuchunga. Na mvua imeanza." Akapima kwa mkono wake mwenyewe, kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole. "Kutoka ku simenti ya classe mupaka ku kichwa yangu, ni hii tu."

Tulikuwa tumewafukuza kwa nyimbo watu pekee waliokuwa wakiishikilia sakafu yetu.

Nilimwomba aje kwa Bwana Prefe aseme maneno hayo hayo. Akakataa, anaogopa jela, na zaidi anamwogopa patron. Keshokutwa yake nikasikia amekwenda kwa ndugu zake Pweto, kununua samaki wakavu. Nikaenda peke yangu. Bwana Prefe akaonyesha meno. "Si ulisema banagonga? Na sasa bameacha. Mambo imeisha."

Nikawatoa watoto nje. Tulisoma uani, makopo yetu mapajani. Lakini kila asubuhi, kabla hawajafika, nililala mlangoni peke yangu, mwili nje, kichwa na kopo tu ndani, nikasikiliza. Sasa palikuwa na sauti nyingine. Si ya nyundo. Feza, ambaye nilimkataza kunikaribia na hakukatazika, akasikiliza mara moja tu akasema, "Inalia sawa mulango ya kwetu."

Hapo nikakukumbuka wewe. Ulipokuwa mwanafunzi wa fundi, paa la jiko likaanza kulia kwa uzito wa mvua, nikataka kukimbia, ukanishika. Uliniambia, mbao inayolia ni mbao inayobeba, bado inapigana. Ikinyamaza ghafla ndipo ukimbie bila kugeuka. Kwa hiyo nilijipa moyo. Kila asubuhi nikisikia kilio kile nilisema haya, bado inabeba. Nikafikia hatua ya kukipenda, Mungu anisamehe.

Ijumaa Bwana Prefe aliniita. Mkaguzi anakuja kesho Jumatatu, na anakuja kwa ajili ya darasa langu: aone kama watoto hawa waendelee au wafutwe. Darasa bila chumba si darasa, akasema. Watoto wawe ndani, madawatini, wameketi kwa mistari. La sivyo yeye mwenyewe ataandika kwamba nafasi hiyo haihitajiki. Na wakifutwa najua watakwenda wapi. Nimewaona wadogo zao mtoni wakiosha mawe ya madini, wakilipwa kwa gunia, maji mpaka mapajani. Patrick alitoka huko. Nilimtoa kwa meka ya unga na mzaha, na atarudi huko kwa karatasi moja.

Jumamosi yote niliyapima maneno hayo. Nikasema labda saa moja tu. Labda nusu ya watoto, wakae karibu na mlango. Mbao bado inalia, na mkaguzi hakai sana, wanakunywa soda wanaondoka. Naam, nilifika hapo, kaka. Njaa ya watu wengine inaweza kukufanya upige hesabu za ajabu.

Leo asubuhi Wakristo wakiwa misani na mtaa umetulia, nilikwenda shuleni na kopo langu. Nikalala mlangoni. Nikaweka sikio, nikangoja. Nikabadilisha kopo nikidhani limetoboka. Nikazuia pumzi mpaka nikasikia damu yangu mwenyewe masikioni. Kaka, mbao imenyamaza.

Sikukimbia bila kugeuka, kama ulivyonifundisha. Niligeuka kufunga mlango. Ni wa chuma, madirisha yana nondo, na kufuli nililinunua mwenyewe sokoni; ni kubwa, la kukera, na ufunguo wake ni huo mmoja ulioanguka mbele yako. Bwana Prefe atalivunja, najua. Lakini atahitaji fundi, na fundi wa Ruashi hafiki kabla jua halijawa kali. Mpaka hapo mkaguzi atakuwa ametukuta langoni, chini ya jua, tukiimba jedwali la saba. Mama zao nitawapitia wakitoka kanisani, niwaambie watoto wasikanyage upande wa nyuma hata wakitumwa na nani. Akitufuta, atufute tukiwa wazima.

Naogopa, kaka. Naogopa mkaguzi, namwogopa jirani wa nyuma ambaye jana alisimama muda mrefu kuangalia nyumba ninayopanga, na naogopa zaidi mvua iliyojikusanya upande wa mgodi tangu alfajiri. Niombee dua, na umwombe baba mkwe wako, imamu, aniombee baada ya swala. Mama usimwambie hata nusu. Mwambie ninakula vizuri na darasa langu linaimba. Msalimie mkeo Mwavita, mwambie dawa ya mafua aliyonitumia imefanya kazi. Msalimie shangazi Sikujua wa mahamri, na mwanafunzi wako wa karakana, umfundishe kusikiliza mbao kabla ya kumfundisha kuzipiga randa.

Mzee Assani amekwisha kufunga mizigo, ananiita. Ufunguo usinirudishie. Nikikuandikia kwamba nimefukuzwa kazi, usinirudishie. Nikikuandikia kwa machozi kwamba wamenibembeleza, kwamba fundi amekagua, kwamba kila kitu kiko sawa na ni kosa langu tu, basi chukua nyundo yako uuponde.

Mimi mdogo wako anayesikiliza,
Zaina