Sabuni kwenye tangi la chura

Shoga uko wapi? Nusura nimuue chura wa binti yangu.

Asubuhi kabla ya shule kaniambia, "Mama, usiguse nyumba yake, nikirudi nitaisafisha mwenyewe." Mimi na kiherehere changu! Nikaona lile tangi la kioo limechafuka, nikalisugua kwa sabuni ya vyombo, nikajaza maji ya bomba, nikamrudisha chura wake. Nikajisifu kabisa.

Dakika kumi tu, kalegea. Miguu imenyooka. Shoga, imenyooka!

Nikampigia daktari wa mifugo. "Mgonjwa ni ng'ombe au mbuzi?" Nikasema chura. "Chura?" Nikasikia watu wanacheka nyuma yake. Halafu sauti ikabadilika: "Mama, chura hunywa kwa ngozi. Hiyo sabuni imeshaingia mwilini. Mtoe sasa hivi!"

Nikakimbia nje peku, nikachota maji ya mvua kwenye pipa, nikamsuuza taratibu, nikamlaza kwenye beseni juu ya majani mabichi. Nikapiga magoti namwangalia. Saa nzima! Hatimaye koo likaanza kucheza.

Binti kanikuta hapohapo sakafuni. Nikamwambia yote, sikuficha. Wala hakulia. Akauliza, "Umeomba msamaha?"

Nikasema, "Nisamehe, mwanangu."

"Si mimi, mama. Yeye."

Shoga, nimemwomba chura msamaha, binti kasimama nyuma yangu anasikiliza aone kama natania. Sikuwa natania. Ngoja nikamwangalie tena kama anapumua.