Uso Ulioganda Siku ya Posa

South Beach, Durban
Jumapili jioni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naiandika tena, shikamoo Baba, kwa sababu ile niliyokupa kwenye simu uliikata kabla hujaitikia. Goti linaendeleaje? Mama ananiambia umerudia kupanda baiskeli hadi stesheni kupiga soga na wastaafu wenzako wa reli, na kwamba mvua zimekuwa nyingi hata ukuta wa jiko umelowa. Mimi ni mzima wa mwili. Lifti ya jengo letu imekufa tena, na kwenye ngazi kuna harufu ya takataka ambazo hakuna anayeona ni zake kuziondoa. Lakini si harufu hiyo inayonitapisha wiki hii.

Najua umesema hutaki tena kuona sura ya mtu wa Durban kwenye kioo cha simu, wala kusikia sauti yake. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Nakuomba kitu kimoja tu: usitamke kwamba posa ya mdogo wangu Neema imekufa mpaka umesoma barua hii yote.

Nianze na siku yenyewe, nikueleze tulivyoiona sisi. Jumamosi ile tulikuwa sebuleni kwangu, na ninyi huko Kigoma mkituona ukutani kwa video, kama sisi tulivyowaona. Tonton Safari alikaa katikati, na koti lake la kanisani kwenye joto hili la kumtoa mtu roho. Yeye ni mdogo wa marehemu baba yake Bahati, ndiye msemaji wa upande wao, na Wakongo wote wa hapa wanamwita tonton kwa heshima ya ubaba mdogo. Nyuma yake walikaa kina mama wa Uvira na vitenge vyao vya sare. Bahati mwenyewe tulimfungia jikoni, maana mposaji hakai mbele ya wakwe wakati anazungumziwa. Ndiyo sababu mpaka leo humjui hata kwa sura, na picha yake iliyo kwenye simu ya Neema ulikataa kuitazama.

Ukasimama. Tulikuona vizuri kabisa, na shati lako la Pasaka. Ukasema Neema ana mtoto, Tumaini, na kwamba husemi hivyo kwa aibu, unasema ili kesho mtu asije akadai alifichwa. Kisha ukauliza, "Mama mnamtaka. Je, na mtoto mnamtaka?" Baba, nilijivunia. Nilitaka kupiga makofi nikajizuia.

Hapo ndipo Tonton Safari alipopiga chafya. Chafya, Baba! Feni ilikuwa inampulizia vumbi tangu asubuhi. Alikunja pua, akafumba jicho moja, mdomo ukapinda kama mtu aliyenusa samaki aliyeoza, na picha yake ikaganda hapohapo kwenye ukuta wenu. Sisi hatukujua. Kwetu wewe uliganda mkono ukiwa juu, tukadhani unasikiliza kwa makini, na kina mama wakanong'ona kwamba baba mkwe ana adabu, tazama alivyotulia. Tonton akajifuta, akasimama, akakujibu. Alijibu kwa kirefu, na vigelegele vikapigwa hadi jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio.

Kumbe ninyi kule mlikuwa mnatazama mdomo uliopinda, kimya, baada ya swali lile! Mama ameniambia Baba Mdogo alisema, "Si mnaona anavyotubetulia midomo?" na kwamba wewe uliizima ile projekta ya parokia kwa mkono wako, ukawaaga wazee bila hata kuwatazama. Halafu Neema akaniandikia ujumbe mfupi: "Dada, na wewe ulikuwa unacheka?"

Nililia. Jumatatu nikaenda kazini kutafuta kilichotokea, na machozi yakageuka kinyaa.

Unajua kazi yangu, ingawa huwaambia watu kwamba natengeneza simu. Kampuni yetu ina mashine kubwa, na ndani ya kila mashine tunaunda kompyuta nyingi ndogo zisizoshikika kwa mkono. Maduka, zahanati na makanisa huzikodi. Kadi ya mtandao ya mashine hizo imetengenezwa iweze kujigawa, iwe kama kadi nyingi, ili kila kompyuta ndogo ipate njia yake bila kusukumana na nyingine. Niliomba kompyuta moja na njia yake kwa ajili ya posa yetu, maana sikutaka wazee wakae kuhangaika na kisimu. Bosi akakubali, meno yote nje. "Sharp, Rehema," alisema, ndiyo sawa yao ya huku. "Familia kwanza."

Lakini kadi haijigawi kwa matakwa yake. Kati yake na mfumo wa mashine kuna programu tunayoiita draiva, na draiva ndiyo inayoamua igawanywe mara ngapi. Ijumaa mfumo ulisasishwa, na draiva mpya ikaja nao. Nimeiuliza kadi kwa mkono wangu inaweza kugawanyika mara ngapi, inajibu sitini na nne. Nikiiomba draiva inigawie hata kumi, inakataa, inaniambia nimezidisha. Saba, basi! Wewe umefanya kazi reli, Baba. Ni kama upewe injini inayoweza kuvuta mabehewa thelathini, halafu karani wa ofisini akuandikie matatu.

Sikatai kwamba kikomo lazima kiwepo. Sehemu fulani ya kadi hubaki kwa mashine yenyewe, na kuna kadi ambazo ukizigawa mno zinalegea. Lakini hii yetu wiki iliyotangulia ilikuwa inabeba zaidi ya ishirini bila hata kupata joto. Tulipowaandikia watengenezaji, wakatujibu kwamba kwa draiva hii kadi za bei nafuu zinaishia saba, anayetaka zaidi anunue ile ghali. Sipho, mwenzangu wa zamu, alichomoa yetu na ile ghali iliyo kwenye mashine ya mteja mwingine, tukaziweka mezani. Chipu ni ileile, Baba, mpaka herufi zilizochapwa juu yake! "Eish," akasema, "wametuuzia nyumba wakabaki na funguo." Nikasonya mpaka meno yakauma. Mtu anatengeneza kitu kizima, anakuuzia, kisha anaandika programu ya kukufungia kitu ulichokwisha kununua. Hata mwizi wa kuku ana staha kuliko hao.

Na kinachonitapisha zaidi si mashine, ni mtu. Jumamosi asubuhi, wakati mashine inawaka na njia saba tu, bosi aliketi akachagua nani apewe. Kampuni ya kubeti mpira ikapata mbili. Sisi akatutoa, akatusukumia pamoja na waliobaki wote kwenye njia moja ya kuchangia, iliyozidi kusongwa kadiri watu walivyoingia, mpaka hata neno halipiti. Zahanati moja pia aliitupa humo. Hakunipigia. Namba yangu anayo, na alijua fika kwamba saa ile wazee wamekaa.

Nikamwendea. Unajua alinijibuje, huku anatafuna sambusa? "Waambie wazazi wako tatizo ni mtandao wa kwao. Nani atasafiri mpaka Kigoma kupima?"

Ptuu! Nisamehe Baba, lakini nilitema mate kwenye ndoo ya karatasi mbele ya macho yake. Ndivyo tunavyoambiwa tuwajibu wateja wote wa mbali: ni umeme wenu, ni nyaya zenu, ni Afrika yenu, utadhani Durban iko Ulaya. Kumbukumbu za mashine nimezisoma mimi mwenyewe. Laini ya Kigoma haikutetereka hata kidogo. Kompyuta yako ilibisha hodi muda wote na huku hakuna aliyeifungulia. Kwa hiyo asije mtu hapo mtaani akakwambia ulishindwa kuunganisha waya. Ulifunga kila kitu sawasawa, aibu ni ya huku.

Bado nafanya kazi palepale, sitakudanganya, maana kodi ya nyumba hainionei huruma. Ila nimemwambia bosi kwamba uongo ule hautatoka tena kinywani mwangu, na mama wa zahanati nimempigia nikamweleza ukweli wote. Sasa bosi ananitazama kama mdudu kwenye wali. Na mimi namtazama vivyo hivyo, hatudaiani.

Sasa jibu lenyewe. Nakuandikia kama Tonton alivyolisema, kwa Kiswahili chao: "Muzee, asante kwa kuuliza mbele ya watu. Mutoto iko wetu tangu leo. Nani anabeba mama, anaacha mutoto kwa mulango? Mie na marehemu ndugu yangu tulilelewa na baba wa kambo, na jina yake ndiyo tunabeba mpaka leo." Alipokaa alikuwa anafuta macho, na safari hii haikuwa chafya.

Jumanne nilikwenda Overport, mtaa mwingine wa hapa Durban, kwenye kibanda cha kinyozi anakofanya kazi Bahati, nikamsimulia yote haya. Alimaliza kichwa cha mteja, akazima mashine, akasema, "Dada, Muzee aliuliza kwa mudomo. Ajibiwe kwa mudomo." Nikamkumbusha karatasi zake za ukimbizi: akishavuka mpaka zimekufa, huku hapokelewi tena, na miaka yote ya kupanga foleni kwenye jua imepotea bure. Nilimgombeza mpaka wateja wakatoka nje. Akakunja taulo taratibu, akaniuliza basi linaondoka siku gani.

Nisalimie Mama, mwambie dawa za presha haziachwi kwa sababu ya hasira. Msalimie Baba Mdogo, na umweleze kwa upole kwamba ilikuwa chafya. Shangazi aliyepika pilau la siku ile likaliwa kwa kununa, mpe pole yangu, naambiwa lilikuwa tamu. Msalimie pia yule katekista aliyetuazima projekta. Tumaini mbebe mgongoni kidogo kama goti linaruhusu. Na Neema mwambie sikucheka. Nilikuwa nalia kwa furaha, kwa sababu mimi jibu nililisikia.

Sasa inua macho, Baba. Kijana aliyekuletea bahasha hii, ambaye nina hakika amekataa kiti mpaka umalize kusoma, ndiye Bahati. Huku hana tena pa kurudi. Muulize swali lako.

Mwanao anayekuheshimu,
Rehema