Shemeji anasifu macho yake, kumbe nilipima kioo chake

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla Jumamosi haijafika. Ninachapa picha za harusi hapa Arua, na shemeji yangu Hamuza, mdogo wa mume wangu, huzisafisha na kuzirekebisha rangi kwenye kompyuta yake huko Koboko halafu ananitumia, na kwa miaka miwili zilikuwa zikitoka nyekundu hadi mama mmoja wa Kuluba akatazama picha ya bintiye, bibi harusi, akaniuliza, "Mtoto yangu iko na homa?" Basi nikanunua kipima rangi, kile kidude kinachoning'inizwa mbele ya kioo cha kompyuta, nikapima kioo changu, nikamwomba Hamuza nipime na chake, akacheka: "Shemeji, macho hii imeona harusi mia mbili, mashine itanifundisha nini?" Ijumaa moja nilipokuwa kwake Koboko, alipokwenda msikitini nikakipima kimyakimya, kumbe kilikuwa na buluu nyingi mno, ndiyo maana alikuwa akiongeza wekundu kwenye nyuso, nikakirekebisha nikanyamaza. Tangu hapo picha ni safi, wateja wamefurahi, sisi pia, lakini Hamuza anajisifu Koboko nzima kwamba macho yake yamezidi kuwa makali, na Jumamosi anakuja kurekebisha kioo changu kwa macho hayo hayo, siku ile ile tunayochapa kitabu cha harusi ya binti yangu Kaltumu. Nimwambie au ninyamaze?

Jalia, Arua

Jalia, mwambie. Kazi imekuwa nzuri, hongera, lakini kugusa kompyuta ya mtu akiwa kwenye swala ni utovu wa adabu, na unajua, ndiyo maana umeniandikia mimi badala ya kumpigia yeye.

Macho ya Hamuza si mabovu. Macho ya kila mtu huzoea. Kioo chenye buluu ukikitazama kwa muda utakiona cheupe. Kwa hiyo asirekebishe chako kwa kutazama, wala asikuletee namba za mipangilio ya kioo chake, maana hata vioo viwili vya aina moja hutofautiana.

Mpigie leo. Radhi kwanza, mashine baadaye. Jumamosi washeni kioo nusu saa kabla, fungeni pazia, kisha ning'iniza kipima yeye akiona. Mkimaliza, vitufe vya mwanga visiguswe tena, na kila mwezi mrudie kupima, chako na chake.

Halafu chapa ukurasa mmoja tu, mtoke nao nje mchana, umpe Hamuza aseme kama uso uko sawa. Akikataa, usichape mwingine. Yeye ni baba mdogo wa Kaltumu; rangi ya uso wa mtoto huyo anaijua kuliko mashine yako.