Kivuli cha Mwenyekiti

Dada Nasimiyu,

Hujambo huko Bungoma? Hapa Kayole kuna baridi, lakini jana nilitokwa na jasho. Watoto ninaowafundisha likizo hii walikuwa wakionyesha kigari walichokiunda, na mwenyekiti wa kanisa alikuwa ameapa kwamba kikishindwa, anatunyang'anya ukumbi wa kanisa tunaofundishia. Kigari kina jicho la kupima mwanga tumboni, na watoto wamekiandikia maagizo kwa kompyuta: fuata mstari mweusi juu ya karatasi nyeupe. Mwenyekiti alipoinama kutazama, kikaanza kuzunguka ovyo.

"Mwalimu, hii ndiyo inakula stima yetu?" akaniuliza, maana umeme wa ukumbi hulipiwa na kanisa.

Nilijua kosa, nikawaachia watoto walitafute wenyewe. Nafula, wa miaka kumi, akachuchumaa.

"Mzee, songa nyuma. Kivuli yako inaichanganya, inaona kila mahali ni nyeusi."

Mama yake, aliyekuja kutazama, akajiziba mdomo. Mtu huyo haambiwi asogee, tena na mtoto! Mwenyekiti akakitazama kivuli chake, kisha akarudi nyuma. Kigari kikanyooka, kikafuata mstari hadi mwisho.

"Na nikirudi hapo?"

"Usirudi!" wakapiga kelele wote. Akacheka, na ukumbi tumebaki nao.

Vaa sweta asubuhi, dada, ukitunze kifua chako.

Kaka yako akupendaye,
Wekesa