Mkono wa Baba Begani kwa Kaka

Mshauri wangu, nisaidie kabla sijavunja kitu humu ndani, maana yamenifika kooni, na huyu anayenichemsha damu ni wa tumbo moja na mimi, kaka yangu mkubwa.

Mimi ni mchoraji, nachora sura za watu kwa rangi ya mafuta, na kazi hii imenipandisha na kunishusha mpaka nimezoea, kuna mwaka picha zangu zilitundikwa kwenye ukumbi wa maana na watu wakapanga foleni kuzitazama, nikajua sasa nimetoka, kumbe mwaka uliofuata niko juu ya ngazi nachora mikasi na vitana kwenye milango ya saluni, na wala sikuona haya, kazi ni kazi, kilichoniuma ni nyumbani. Marehemu baba alikufa akiniita mpaka rangi, na kaka ndiye aliyekuwa akicheka kuliko wote, hata kwenye harusi ya binamu yetu aliulizwa dada yako anafanya nini, akajibu bado anatafuta kazi, na mimi nimesimama hapo hapo na sahani yangu mkononi.

Sasa sikiliza. Baba alifariki mwaka jana bila kusema nani abaki na nyumba. Anayeishi mle ni mama na mdogo wetu wa mwisho, tunamwita Kitinda mpaka leo ingawa ana ndevu, na huyo ndiye aliyeacha kazi yake akamuuguza baba, akamwogesha, akamlisha kwa kijiko, akamgeuza kitandani, wakati kaka hakukanyaga pale miaka nenda miaka rudi, kwa sababu yeye na baba walikosana na hawakupatana mpaka tunarudisha udongo kaburini. Jumamosi hii baba wadogo wanakuja kukaa kikao waamue habari ya nyumba. Basi mwezi uliopita kaka akaja kwenye chumba changu cha kazi, yeye ambaye hakuwahi kukijua mlango wake, akakaa juu ya ndoo ya rangi na suruali yake ya pasi kali, akaanza kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, mara msanii wetu, mara una kipaji wewe Mungu kakupa bure, mwisho akasema anataka picha kubwa ya baba amekaa kwenye kiti chake cha sebuleni, na yeye kaka amesimama kando, na mkono wa baba uko begani kwake. Atawaambia baba wadogo kwamba baba alikuja naye chumbani kwangu kabla hajazidiwa, nikawachora, ili waone walishapatana na nyumba alimwachia yeye. Mimi kazi yangu ni kunyamaza tu. Na, akasema, wakubwa fulani wa kazini kwake aliowaalika watakuwepo, wataiona picha wanijue.

Nikamwambia hilo jambo halikutokea. Akacheka.

"Wewe si msanii? Msanii anabuni. Na marehemu hatakuja kubisha."

Ningemtoa kwa ufagio, lakini sikumtoa, nilichora. Usiniulize kwa nini, au niulize tu, ni kwamba katika ukoo wetu mzima hakuna aliyewahi kuniomba picha, na nilipoanza uso wa baba ulinijia wenyewe, macho yale, na ule mdomo aliokuwa akiuuma akisikiliza taarifa ya habari, nikawa nachora huku nalia najifuta kwa matambara ya rangi, na hii ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizochora tangu nishike brashi. Mkono niliuchora mwisho, na mishipa yake na kidole chake kilichopinda, ukakubali kama nini.

Mama nilimweleza yote. Akasema mpe kaka yako yaishe, funika kombe mwanaharamu apite, picha ni picha tu. Nilikasirika nikaondoka, chai yake nimeiacha mezani.

Halafu juzi Kitinda akaja kunitengenezea komeo la dirisha, mimi niko uani, ninaingia namkuta amesimama mbele ya picha, bisibisi mkononi. Hakufoka. Aliniuliza taratibu, "Dada, hii ilikuwa lini?"

Mshauri, aliamini. Nikamwambia nitakueleza, nikamgeuzia mgongo nikaosha brashi ambazo zilikuwa safi. Akamaliza komeo lake akaenda bila kuaga, na yeye si mtu wa kuondoka bila kuaga.

Sasa nina hasira na kaka, nina hasira na mama, nina hasira na baba huko aliko. Nikimnyima kaka wataniita mwenye wivu, nikimpa Kitinda anatolewa nje na mabegi yake, na kuiharibu siwezi, mkono wangu haukubali, sijui kama nitachora tena hivi maishani. Nifanye nini?

Mchoraji niliyeshikwa pabaya

MSHAURI ANAJIBU

Dada mchoraji, pole sana. Pole hiyo ishike vizuri, maana nina moja tu, mengine yote ni ukali.

Kaka yako tummalize upesi: anataka kuiba nyumba, na amekuchagua wewe umshikie ngazi. Hilo neno kipaji usilikubali tena mdomoni mwake. Fundi bomba haambiwi ana kipaji, anaambiwa ni fundi. Wewe unaambiwa umepewa bure ili nawe utoe bure, hata jina lako. Na hao wakubwa watakaokujua, watakujua kwa lipi? Mtu anayekujua kwa picha ya uongo ataagiza nyingine ya uongo. Ulichora mikasi milangoni na hukuona haya, na ulikuwa sawa, mikasi ile ilikuwa ya kweli.

Mama yako amechoka na ugomvi. Usimgombeze, ila usimfuate. Kombe analotaka kulifunika limekaa juu ya kichwa cha mwanawe mdogo. Na urudi ukanywe naye chai, hasira zako usimtupie mjane.

Sasa wewe. Una hasira na ulimwengu mzima, mpaka na marehemu, ila katika barua yote sijaona mahali ulipojikasirikia mwenyewe. Mdogo wako alikuuliza swali ambalo jibu lake ni maneno mawili: haikuwa kamwe. Ukaenda kuosha brashi safi! Unajua aliondoka na nini? Aliondoka akiamini kwamba baba aliyekuwa akimwogesha alitoka kisirisiri akaenda kupatana na yule aliyewakimbia, na nyinyi nyote mkamficha. Wewe unahofia atanyang'anywa nyumba. Umeshamnyang'anya baba yake, na huo ni wizi mkubwa kuliko wa kaka yako, kwa sababu wewe anakuamini.

Unasema ndiyo picha yako nzuri kuliko zote. Nakuamini, na ndiyo balaa lenyewe. Ungekuwa mchoraji mbovu kaka yako asingekaa kwenye ndoo ya rangi. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini waliosema hivyo hawakumjua mwongo mwenye dada fundi. Uongo wa mdomo mtu anaweza kuubishia. Huu wako wajukuu wataukuta ukutani, na hawatakuwa na wa kumuuliza.

Kwa hiyo acha kulia kwenye matambara ufanye hivi. Leo, si kesho, nenda kwa Kitinda. Usimpigie simu. Kaa naye umwambie kwamba jambo lile halikutokea, kwamba baba alikufa mikononi mwake yeye akiwa hajapatana na mtu, na kwamba ulinyamaza kwa woga. Akikufokea, nyamaza sasa, ndipo mahali pake.

Kisha rudi chumbani kwako. Rangi ya mafuta haikauki upesi, unajua kuliko mimi. Chukua kisu na tambara lenye thina ya kuyeyusha rangi umtoe kaka yako kwenye picha, yeye mzima, pamoja na ule mkono. Uso usiuguse. Ule uso ni wako, hukuubuni, uliukumbuka, na ndio maana ulikuliza. Mkono uchore upya juu ya mkono wa kiti, mahali mzee alipozoea kuuweka. Usiniambie huwezi. Mchoraji asiyeweza kufuta chake hajawa fundi bado.

Jumamosi usimsubiri kaka aje kuichukua. Ibebe mwenyewe, wahi kabla yake, isimamishe mbele ya baba wadogo uwaambie imechorwa juzijuzi hapa kwa kumbukumbu, mzee akiwa ameshazikwa, na uwaambie nani aliyetaka iwe vinginevyo. Wakikuita mwenye wivu, na wakuite. Umeitwa mpaka rangi miaka yote na brashi hukuitupa.

Kaka yako atawaka. Atakuuliza mbele ya watu mkono wa baba umeupeleka wapi. Usipandishe sauti, mtazame tu kama unavyomtazama mtu unayetaka kumchora, umwambie: "Kaka, ule mkono ulikuwa wa baba kuuweka. Haukuwa wangu."